Meza ya vigae ya jiko la kuchomea nyama: plaiwudi, bodi ya saruji au zege?

Anayetaka kujenga meza ya nje yenye vigae, pembeni mwa jiko la kuchomea nyama au ya kulibeba kabisa, huanza na kigae: rangi gani, kinang'aa au haking'ai, kikubwa au kidogo. Ni kawaida, kwa kuwa kigae ndicho kitakachotazamwa. Ila ukizikagua meza za namna hii zilizoharibika mapema, ni chache mno ambazo kosa lilikuwa la kigae. Kilibanduka kwa sababu ubao wa chini ulivimba, au kilipasuka kwa sababu gundi haikujaa chini yake, au maji yalipenya kwenye maungio yakakosa pa kutokea. Kwa hiyo hapa tunalinganisha kuanzia chini kwenda juu. Kigae kitasubiri zamu yake.

Jiko litakaa wapi?

Jibu la swali hili hufuta nusu ya machaguo mengine, kwa hiyo lijibu kabla hujanunua chochote. Njia ziko tatu: jiko lisimame kwa miguu yake na meza iwe ya pembeni, jiko dogo likae juu ya meza, au jiko lijengewe ndani ya meza.

Meza ya pembeni ndiyo rahisi kuliko zote. Joto pekee linaloifikia ni la sufuria au wavu uliotoka motoni, na hilo vigae vizuri hulivumilia. Karibu kila mchanganyiko nitakaoutaja chini unaweza kufaa hapa.

Jiko kukaa juu ya meza ndipo watu wengi wanapojidanganya. Hoja yao ni kwamba kigae hakiungui, basi mbao iliyo chini yake iko salama. Kweli kigae hakiungui. Poseleni, ile aina ya kigae kigumu kisichonyonya maji, huchomwa tanuruni kwenye nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi. Lakini kutoungua ni jambo moja na kuzuia joto ni jambo lingine. Kigae hupitisha joto kwa wepesi mara kadhaa kuliko mbao, na unene wake wa milimita 10 si kitu. Joto likishuka kutoka kwenye sahani ya majivu, kigae hulipokea na kulikabidhi kwa ubao. Mkaa uliokolea hupita nyuzi 600. Mbao hushika moto kwenye nyuzi 250 hadi 300 hivi, na mbao inayopashwa joto la chini ya hapo kwa muda mrefu, tena na tena, hugeuka makaa taratibu bila mtu kuona, kwa sababu kigae kimeifunika.

Kwa hiyo jiko la mkaa lenye miguu mifupi juu ya plaiwudi iliyobandikwa vigae, mimi nasema hapana, hata kama vigae ni vya aina gani. Ukilazimika kuweka jiko la mkaa mezani, fremu iwe ya chuma, tabaka la chini lisiwe na mbao hata kipande, na jiko liinuliwe ili hewa ipite chini yake. Matofali machache ya kuhimili moto yaliyopangwa kwa nafasi yanatosha. Jiko la gesi ni afadhali, maana sehemu kubwa ya joto lake hupanda juu, lakini kijitabu chake husema linahitaji nafasi kiasi gani chini, nyuma na ubavuni. Kipimo hicho ndicho cha kufuata.

Jiko la kujengewa ndani linataka zege na matofali, basi. Ukitaka kabati la mtungi wa gesi chini ya meza ya namna hiyo, acha matundu ya hewa chini kabisa ya kuta zake. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Tundu la juu peke yake halisaidii.

Tabaka la kubeba vigae: hapa ndipo penye uamuzi

*Plaiwudi peke yake.* Ni nyepesi, inakatika kwa msumeno wa mkono, na hakuna seremala asiyeifahamu. Plaiwudi ya milimita 18 ina kilo 12 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo uso wa meza wa sentimita 120 kwa 70 ni kilo 10 tu kabla ya vigae. Shida ni kwamba mbao hunyonya unyevu ikavimba, hukauka ikasinyaa, na kigae hakifanyi lolote kati ya hayo. Vitu viwili vilivyogundishwa pamoja, kimoja kinacheza na kingine hakitikisiki: gundi iliyo katikati ndiyo inayoumia. Plaiwudi ya baharini haiondoi tatizo hili. Kinachostahimili maji humo ni gundi inayoshikanisha matabaka yake. Mbao yenyewe inabaki mbao. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Meza itapendeza mwanzoni, kisha ufa mwembamba utajitokeza kwenye grauti, yaani kijazio cha maungio ya vigae, maji yatapata njia, ukingo wa plaiwudi utafura, na kigae cha kona kitakuwa cha kwanza kuachia.

Naikubali plaiwudi peke yake kwa meza ya pembeni inayokaa chini ya paa na isiyopigwa mvua. Mbao za kawaida zilizopangwa moja kando ya nyingine sizikubali hata huko, kwa sababu ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, na kwenye uso wa sentimita 70 mchezo huo unaweza kufika milimita kadhaa kati ya msimu mkavu na wa mvua. Hakuna gundi ya vigae itakayoufuata.

*Plaiwudi na bodi ya saruji juu yake.* Huu ni mwendo unaofaa kwa aliye na vifaa vya useremala lakini hana mashine ya kuchomelea. Plaiwudi inatoa ukakamavu, bodi ya saruji inatoa uso usiovimba ambao gundi ya vigae inaupenda. Bodi huongeza kilo 12 hadi 16 kwa mita ya mraba kutegemea aina na unene wake. Ilaze juu ya gundi ya vigae iliyopakwa kwa mwiko wenye meno, kisha ipige skrubu zisizoshika kutu kila baada ya sentimita 20. Bodi iliyopigwa skrubu tupu bila gundi huacha mapengo, na mapengo hayo ndiyo yatakayopasua kigae mtu akiegemea.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulipita. Bodi ya saruji haiozi, lakini maji hupita ndani yake. Ukiiacha hivyo hivyo, plaiwudi iliyo chini inalowa kama kawaida. Paka dawa ya kuzuia maji juu ya bodi, ile ya kupaka kwa brashi, mara mbili, na uishushe hadi kwenye kingo. Chini ya plaiwudi paka rangi pia, kwa sababu unyevu hupanda. Bodi ya jasi, hata ile inayouzwa kwa ajili ya bafuni, isikaribie meza ya nje.

*Bodi ya saruji juu ya fremu ya chuma.* Hili ndilo chaguo langu kwa watu wengi. Hakuna cha kuoza wala cha kuungua, na meza bado inabebeka na watu wawili. Lakini bodi ya saruji haina nguvu ya kujibeba kama ubao. Ukiiacha iruke nafasi kubwa itanyumbuka, na grauti itasema. Weka vyuma vya kuvuka kila sentimita 30, tumia bodi mbili za milimita 12 zilizogundishwa pamoja, na maungio ya bodi ya juu yasiangukie kwenye maungio ya bodi ya chini.

Chuma nacho hutanuka kwa joto, na kuna wanaokiogopa kwa sababu hiyo. Hesabu yake haitishi: chuma cha mita moja kikipanda nyuzi 50 hurefuka milimita 0.6, na kigae cha poseleni hurefuka takriban nusu ya hapo. Tofauti ya robo tatu za milimita kwenye mita mbili, au chini ya hapo, gundi yenye mnyumbuko huimeza. Kinachokiua chuma ni kutu inayoanzia ndani ya mabomba. Ziba ncha zote za bomba la mraba, na miguu ivalishwe viatu vya plastiki isinywe maji ya sakafuni. Kama bomba limepakwa zinki, kwangua zinki hiyo mahali pa kuchomelea kabla ya kuwasha mashine, na fanya kazi nje. Moshi mweupe wa zinki husababisha homa na kichefuchefu, na mafundi wengi wameshauonja.

*Zege.* Zege la unene wa sentimita 6 lina kilo 140 na kitu kwa mita ya mraba. Meza yetu ya sentimita 120 kwa 70 inafika kilo 120 kabla ya vigae, kwa hiyo ukishaiweka ndiyo imekaa. Miguu ya mbao isahau, tafuta kuta za matofali. Faida yake ni kwamba haitikisiki, haiogopi sufuria la moto, na kosa dogo la kazi inalivumilia. Weka wavu wa nondo nyembamba katikati ya unene, limwagilie maji wiki nzima lisikauke haraka, na usibandike vigae kabla ya siku 28. Zege changa bado linasinyaa, na likisinyaa linavuta gundi.

Wakati mwingine huwa najiuliza kwa nini mtu amwage zege zuri kisha alifunike. Zege lililosuguliwa vizuri na kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo ni meza kamili bila kigae hata kimoja. Kama unapenda vigae, sawa, lakini kama ulivifikiria kwa ajili ya kusafishika tu, fikiria tena.

Sehemu yenyewe ya moto wa mkaa isifunikwe vigae wala isiachwe zege tupu. Saruji ya kawaida hupoteza nguvu ikipita nyuzi 300 hivi, na gundi ya vigae huachia mapema zaidi. Hapo panakaa matofali ya kuhimili moto, yakiachiwa nafasi nyembamba kati yake na zege ili yatanuke bila kulisukuma.

Sasa kigae

Kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 hupanga vigae kwa maji vinavyonyonya, na kwa meza ya nje hicho ndicho kipimo cha kwanza kutazama. Kundi la BIa, ambalo ndilo la poseleni, halizidi asilimia 0.5. Alama hiyo mara nyingi huchapishwa kwenye boksi. Ukiwa na kigae kisicho na boksi, kigeuze udondoshe maji mgongoni: kikibadilika rangi upesi na tone likapotea, kinanyonya.

| Aina | Maji | Kukaa nje | Mafuta na asidi |
|---|---|---|---|
| Poseleni | 0.5% au chini | Vizuri sana | Haidhuriki. Iliyong'arishwa inaweza kushika doa |
| Kauri ya ukutani | Zaidi ya 10% | Vibaya | Uso wake husafishika hadi utoke nyufa |
| Graniti | Kidogo | Vizuri | Mafuta hutia doa bila dawa ya kuziba |
| Jiwe la marumaru | Kidogo | Wastani | Ndimu na siki huula uso wake |
| Udongo wa kuchoma | Mengi | Wastani, vibaya penye barafu | Hunywa mafuta |

Kauri ya ukutani inavutia kwa sababu ndiyo yenye mapambo mengi na hukatika kirahisi. Kwa meza iliyo chini ya paa itavumilia. Penye baridi ya kugandisha usiiguse kabisa: maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9, na kigae kilichojaa maji hukosa pa kuyapeleka. Marumaru tuyaache ya sebuleni. Jiwe hilo ni kalsiamu kabonati, na tone la ndimu likilala juu yake usiku mmoja huacha alama isiyofutika kwa kitambaa. Graniti ingekuwa mshindani wa kweli wa poseleni kama isingehitaji kupakwa dawa upya mara kwa mara, na meza ya nyama choma ni mahali pa mafuta.

Kwa hiyo poseleni. Ndani ya poseleni kuna chaguo jingine linalowachanganya watu: wanasikia "ya nje" wananunua kigae cha sakafu chenye uso wa kukwaruza, kilichotengenezwa mtu asiteleze. Mezani hakuna anayetembea. Uso ule hunasa mafuta na kuchana vitambaa. Chukua chenye uso laini usiong'aa sana. Rangi nyeusi ni nzuri kwenye picha, lakini meza nyeusi iliyokaa juani saa za mchana huchoma mkono kabla hata jiko halijawashwa.

Ukubwa nao una mizani yake. Kigae kikubwa kina maungio machache, hivyo kazi ya kusugua inapungua, lakini kinataka msingi ulionyooka kabisa, na kikipasuka umepoteza nusu ya meza. Vigae vidogo vidogo vya mozaiki hufuata kasoro za msingi bila kulalamika, ila maungio ya grauti yanakuwa mengi mno. Mimi hukaa katikati, sentimita 30 kwa 30. Nunua vigae kwanza, vipime, ndipo uchore fremu: kinachoitwa cha sentimita 30 mara nyingi hupungua milimita mbili au tatu. Vinne vya milimita 298 vyenye maungio matatu ya milimita 4 vinatoa milimita 1,204, na ukikata fremu kwa kipimo hicho hutakata kigae hata kimoja.

Gundi na grauti

Gundi ya ndoo iliyochanganywa tayari dhidi ya unga wa saruji wa mfuko: kwa nje, mfuko. Gundi nyingi za ndoo hukauka kwa maji kutoka ndani yake, na chini ya poseleni maji hayo hayana pa kwenda. Hubaki laini kwa muda mrefu, na mvua ikiifikia hulainika tena. Saruji tupu iliyokorogwa uji, ambayo mafundi wengi wa zamani huitumia, ilifaa vigae vinavyonyonya. Poseleni hainyonyi, kwa hiyo uji ule haupati pa kung'ata. Kwenye mfuko tafuta C2 na S1: C2 ni gundi ya saruji iliyoboreshwa, S1 ni kwamba inanyumbuka.

Paka kwa mwiko wenye meno juu ya msingi, na nyuma ya kigae pia paka tabaka jembamba. Bandika kimoja, kisha kibandue utazame: nje gundi inatakiwa ifunike asilimia 95 ya mgongo. Ukigonga kigae baadaye kikalia tupu kama debe, chini yake pana hewa, na hapo ndipo sufuria la moto litakapopasulia.

Grauti ya epoksi hainyonyi mafuta, nami ningeichagua bila kusita kwa meza ya jikoni ndani. Nje, jua huifanya iwe ya manjano, na karibu na moto epoksi nyingi hulainika. Grauti ya saruji yenye mchanganyiko wa polima, rangi ya kijivu, ndiyo inayonifaa, nyeupe usijaribu. Mahali meza inapokutana na ukuta au na chuma cha ukingo, weka silikoni badala ya grauti.

Ukingo wa chuma cha engo (chenye umbo la L) kinachosimama na kuvishika vigae kama sinia unapendeza na unalinda kona zisimeguke. Ila sinia hushika maji. Uso wa vigae uwe juu ya mdomo wa chuma kwa milimita moja au mbili, au toboa matundu ya kutokea maji. Na kwa ukingo wowote, pimamaji isikufanye uweke meza sawasawa mno: mteremko wa sentimita moja kwa kila mita hauonekani na sahani haitelezi, lakini mvua inaondoka.

Gundi ikishaiva kwa saa 24 weka grauti, na uisubiri siku kadhaa kama mfuko unavyoelekeza kabla ya kuweka kitu cha moto. Kwenye zege lililojengewa jiko, mioto ya mwanzo iwe midogo na ya muda mfupi, maana maji yaliyobaki ndani yake yakigeuka mvuke kwa ghafla hulimegua zege vipande na kuvirusha.